Mhadhiri mkali, mhadhiri mpole na ukumbi ulionyamaza

Ukikaa na wanafunzi wa chuo kikuu hapa Unguja, hutachelewa kusikia habari za walimu wa namna mbili. Wa kwanza, saa mbili kamili mlango umefungwa, mahudhurio yanaitwa, na asaimenti iliyochelewa siku moja haipokewi. Wa pili huingia kwa bashasha, huwaambia vijana kuwa wao ni watu wazima, huwagawa makundi na kuwaachia mada. Ubishi wa yupi anayewafaa zaidi haumaliziki, na wanaomtetea mkali hukimbilia methali: samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo inawahusu watoto wa skuli. Mtu wa miaka 20 na kitu hakunjwi tena. Lakini wanaoutetea ukali wana hoja nzito kuliko methali yao, na wapenda upole huipita haraka mno. Mfikirie msichana aliyetoka Micheweni, Pemba, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, anayekaa kwa mjomba wake Fuoni. Nyumbani hapo kuna watoto wa kuogeshwa, maji ya kuteka na wageni wa kupikiwa. Akisema "maalim huyu hapokei kazi iliyochelewa", anaruhusiwa kwenda kusoma. Akisema "maalim ametuachia wenyewe", jungu linamsubiri. Ratiba isiyoyumba humlinda mwanafunzi asiye na sauti ndani ya nyumba, na ulinzi huo hauonekani kwa anayehesabu tabasamu za darasani.

Tatizo la ukali linajitokeza mahali pengine. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Iowa, Marekani, kwa vikundi vya wavulana wa miaka 10 hivi waliokuwa wakifanya kazi za mikono. Chini ya kiongozi wa amri, kazi ilikwenda mbio alipokuwapo na ikazorota alipotoka chumbani. Waliokuwa na kiongozi wa kuwashirikisha waliendelea hata alipokuwa hayupo. Walioachwa wafanye wapendavyo walifanya kidogo, tena ovyo. Wavulana wale hawakuwa na mtihani wa mwisho wa muhula wala hofu ya kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani, kwa hiyo nisingeyahamisha matokeo yao mazima mazima hadi vyuo vyetu vya Tunguu. Lakini lile la kiongozi kutoka chumbani linatuhusu. Chuo kikuu mwalimu hutoka chumbani kweli: mwaka wa mwisho mwanafunzi anatakiwa achague swali lake mwenyewe la utafiti. Hapo ndipo aliyepata alama nzuri kwa kukariri notisi na mitihani ya nyuma hukwama, kwa kuwa hakuna wa kumwambia aandike nini.

Kisha kuna lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza na tunafikiri kwa Kiswahili. Mbele ya mwalimu mkali mwanafunzi anaogopa mawili kwa pamoja, kukosea jibu na kukosea sarufi, kwa hiyo ananyamaza. Mjadala unahamia nje, chini ya mti, kwa Kiswahili safi, na huko ndiko watu wanakofahamu somo. Hasara ni kwamba kosa lililozaliwa chini ya mti halina wa kulisahihisha mpaka siku ya mtihani. Mwalimu mpole naye asidhani amepona. Akiuliza "kuna swali?" kwa Kiingereza kisha akaona kimya, huondoka akiamini wameelewa.

Upole wenyewe hugeuka utelekezaji kwa urahisi. Kazi ya kundi inafanywa na mmoja, wanasaini saba. Daftari halirudi. Alama zinatoka bila neno la kueleza kosa lilikuwa wapi. Mwalimu wa namna hii hupendwa, na ndiyo sababu siziamini sana tafiti zinazomtaka mwanafunzi ampime mwalimu kwa dodoso, kisha zikaunganisha majibu na alama zake. Aliyefaulu humsifu aliyemfaulisha. Na darasa linalojituma humfanya mwalimu awe mpole, kama vile linalochelewa humfanya awe mkali. Si rahisi kujua kipi kimeanza.

Wapo wanaosema kumshirikisha mwanafunzi ni mtindo wa kigeni, sisi tumelelewa kumheshimu maalim. Siwaungi mkono. Katika darsa za misikitini mwanafunzi husoma kitabu mbele ya shekhe, na shekhe humsimamisha palepale anapokosea, akamfafanulia, wakaendelea. Ukali upo kwenye matini, ukaribu upo kwa mtu. Huo ndio uongozi ninaoutaka chuoni, ingawa nakiri kwamba watu 200 katika ukumbi mmoja hawawezi kusomeshwa kama duara la watu 12, na hilo mwalimu hajalileta yeye.

Hata hivyo nimeona ikifanyika kwenye darasa kubwa. Mhadhiri wetu wa takwimu hakuwa mtu wa kucheka, na kazi iliyochelewa hakuipokea. Lakini kila alipouliza swali alitupa dakika tano tuzungumze wawili wawili kwa Kiswahili, ndipo mmoja asimame ajibu kwa Kiingereza, chochote alicho nacho. Karatasi zetu zilirudi ndani ya wiki, na pembeni mwa kila kosa pana mstari mmoja wa maelezo kwa kalamu nyekundu. Kufikia wiki ya sita, waliokaa safu ya nyuma walikuwa wakinyoosha mikono.