Ofa mia kwa ombi moja: mwongozo wa kufuta useme kiasi gani?

Anayeuza vitu ndani ya programu ya simu kupitia Google Play hujikuta na ofa nyingi kuliko alizopanga. Chukua programu ya masomo ya sekondari yenye masomo kumi, na kila somo lina punguzo la kufungua shule, la Ramadhani na la kuelekea mitihani. Hizo ni ofa 30 kwa mwaka. Mwaka wa tatu zimefika 90, na nyingi zimeshapitwa na wakati. Kuzifuta moja moja kunachosha, ndiyo maana API ya Google Play (njia ya programu ya muuzaji kutuma maombi moja kwa moja kwa Google Play) ina amri ya batchDelete, inayofuta kwa mkupuo hadi ofa 100 katika ombi moja.

Kwa anayeandika mwongozo wa zana kama hii, swali gumu ni hili: aeleze amri tu, au abebe pia jukumu la kumlinda anayeitumia?

Wanaotaka ufupi wana hoja nzito. Msomaji wa ukurasa wa API yuko kazini. Amekuja kutafuta jina la sehemu na aina ya data, aondoke. Onyo likiwekwa kila ukurasa, jicho hulizoea na kuliruka. Maelezo marefu nayo huchakaa: zana inabadilika, aya zinabaki zikisema ya jana, na mwongozo unaodanganya una madhara kuliko ulionyamaza. Wanasema pia kwamba mfano kamili wa kunakili na kubandika, ukiwa wa kufuta, unaweza kumponza mtu aliyesahau kubadilisha kitambulisho. Hilo nalikubali bila ubishi.

Lakini tazama amri yenyewe. Kwa ofa za bidhaa zinazonunuliwa mara moja, maelezo yake makuu ni sentensi moja tu: inafuta ofa moja au zaidi. Ikifanikiwa, jibu linalorudi ni mabano mawili matupu, {}. Umeondoa ofa mia, na seva haikutajii hata moja. Halafu kuna kistari. Ofa zikitoka katika bidhaa tofauti, sehemu ya productId (kitambulisho cha bidhaa) huandikwa "-". Aliyezoea alama ya nyota kumaanisha "vyote" atakiona kistari hicho akadhani kinafagia duka zima. Maana yake ni nyembamba zaidi: kundi hili linagusa bidhaa zaidi ya moja, na kila ofa bado lazima itajwe kwenye orodha. Ni maneno machache mno, lakini yakikosekana mtu anaogopa zana bure, au anaitumia kwa kubahatisha.

Kuna pia suala la muda. Badiliko la kawaida huwafikia wateja ndani ya dakika kadhaa, na mara chache huchukua saa kadhaa. Ukichagua njia ya kupitisha mabadiliko mengi sana, inaweza kufika saa 24. Kwa hiyo punguzo ulilofuta usiku wa manane kesho yake asubuhi linaweza kuwa bado linaonekana kwa mteja. Kwa muuzaji hilo si jambo la kiufundi, ni la bei.

Tukio la Atlassian, kampuni ya programu za kazi za timu, la Aprili 2022 hutumiwa na pande zote mbili. Skripti iliyokusudiwa kuondoa programu moja ya zamani ilipewa vitambulisho vya tovuti nzima za wateja. API ya kufuta ilipokea vitambulisho vya aina zote mbili na haikuuliza kitu. Wateja 775 walipoteza huduma, na kwa baadhi yao marejesho yalichukua hadi siku 14. Wa ufupi husema: hakuna mwongozo ambao ungezuia hilo, zana ndiyo ilipaswa kukataa. Wako sahihi kuhusu zana. Ila zana nyingi bado hazikatai, na mpaka zijengwe upya, mahali pa kumwambia mtu kabla hajabonyeza ni pale pale anaposoma jinsi ya kubonyeza.

Isitoshe, ufupi na tahadhari havigombani kama tunavyoaminishwa. Katika API hiyo hiyo, ukurasa wa kufuta ofa ya usajili unasema kwamba kinachofutika ni ofa iliyo bado rasimu tu, na kwamba kitendo hicho hakirudishwi nyuma. Sentensi mbili fupi, na anayesoma ameelewa kila kitu. Upande wa chaguo za ununuzi (namna bidhaa inavyouzwa, kama kununua au kukodi) kuna sehemu iitwayo force: ikiwa ni false na chaguo lina ofa chini yake, ombi linarudi na kosa, ikiwa ni true, ofa zote hizo zinakwenda nalo. Hapo zana na mwongozo vimeshikana mkono.

Kwa hiyo simuungi mkono anayetaka kurasa tatu za maonyo. Ningeweka maneno haya juu ya mfano, si chini yake:

"Pakua orodha ya ofa zako na uihifadhi kabla ya kufuta. Kama unataka tu ofa isionekane kwa wateja, izime, usiifute. Kama ni ya kuagiza mapema, fahamu kwamba kuighairi kunaghairi pia oda zinazosubiri. Anza na ofa moja, hakikisha imeondoka, ndipo utume zilizobaki."