Mtu wa kisiwani anapelekwa kisiwani

Hebu nielezeni jamani, labda mie ndio sielewi. Mtu kazaliwa Majengo, kakulia Majengo, Mombasa kisiwa, maji huku maji kule, usiku kucha anasikia meli zikipiga honi Kilindini, halafu siku yake ya kupumzika anaambiwa atoe pesa akodi gari apande boti apelekwe... kisiwani. Ukiuliza kwani hapa tulipo ni wapi, unaambiwa Baba Rehema wewe hupendi raha.

Raha gani sasa. Mie nina duka la hadiwea Likoni, kwa hivyo maji nayavuka asubuhi na jioni, tena bure, maana feri mtu wa miguu halipi. Nikiingia mle nabanwa baina ya mkokoteni wa viazi na mama mwenye ndoo ya samaki, pikipiki imenipumulia moshi kisigino, mhubiri ananiuliza nikifa leo ntakwenda wapi nami najua vizuri nakwenda Likoni kufungua duka. Na humo humo hukosi mtalii ameegemea chuma anapiga picha anacheka peke yake. Wallahi huwa natamani nimuulize nini kimekufurahisha, uniambie na mie nifurahi.

Halafu kuna kitu watu hawakifikirii. Wazee wetu wamehangaika miaka na mikaka kuyakwepa haya maji. Kwenda Nyali kulikuwa na daraja la kuelea mpaka 1980 ndio likaja hili la sasa. Kilifi ilikuwa feri, mpaka 1991 daraja likafunguliwa, na waliosafiri zama hizo watakwambia, feri ikiharibika unakaa chini ya mwembe ng'ambo unaiona na kufika hufiki. Kwenda pwani ya kusini leo kuna barabara ya Dongo Kundu, unatokea Miritini unapita Mwache, Tsunza, Mteza, unaibukia Kibundani hujaloa hata unyayo. Watu wamemwaga saruji baharini sisi tupite wakavu! Na sie tukipata likizo tu, mbio, kutafuta maji ya kuvuka kwa pesa.

Lakini mie nimeoa Nakuru. Na aliyeoa Nakuru ana shemeji, na shemeji wa Nakuru akiiona bahari akili yake yote inahamia huko. Wanakuja Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Sasa muulize mvuvi yeyote Agosti ni nini atakwambia ni kusi, upepo umeshika, bahari imechafuka, wenye akili wanashona nyavu. Subiri kaskazi, Desemba hivi kwenda Machi, bahari inalala unaona mpaka samaki chini wanavyogombana. Nikamwambia mke wangu, waambie ndugu zako waje Januari. Akasema Januari ni karo. Haya.

Wakaja shemeji wawili, wake zao, watoto idadi yao ilikuwa inabadilika kila nikihesabu, na mamamkwe. Mamamkwe alikuja na suti ya kitambaa kizito na skafu ya sufi, Mombasa, akaniambia baba nasikia baharini kuna baridi. Nikataka kucheka, lakini mbele ya safari mtaona nani alikuwa na akili.

Safari ikapangwa kisiwa cha Wasini. Haikupangwa na mie, mie niliarifiwa. Nikakodi Noah, nikasema sawa, basi twende na Dongo Kundu tusikae foleni. Kelele! Watoto wanalia wanataka feri, shemeji mkubwa anasema shem, mimi nimetoka Nakuru nije Mombasa nisipande feri, nikirudi nitaambia watu nini? Kwa hivyo siku yangu ya kupumzika nimekwenda kupanga foleni ya feri, tena safari hii nalipia sababu niko na gari. Kijana mmoja tunayevuka naye kila siku akaniona ndani ya Noah akanipungia mkono, akauliza leo pia duka liko wazi? Nikajifanya sikumsikia.

Kutoka Likoni mpaka Shimoni, ndiko zinakopandwa boti za Wasini, kilomita hazifiki 100, barabara nzuri, ile ya kwenda Lunga Lunga, ni mwendo wa kuondoka na chai ukafika mahamri bado yana moto. Sisi tulisimama Waa mtoto anataka choo. Tukasimama Ukunda madafu. Ukiwa na watu wa bara dafu moja si dafu moja, kwanza linapigwa picha zima, halafu likikatwa, halafu mtu akinywa, halafu wanauliza hii nyama ndani inaliwa? Inaliwa mama, kula twende. Tukapita Msambweni kidogo mtoto mwingine akataka choo, nikasema alipotaka mwenzako wewe ulikuwa wapi, mke wangu akanitazama lile jicho. Tukafika Ramisi wakaona miwa, wakataka kushuka, huko kwao ni kama hawajaona muwa, na njia nzima ya kwenda Kisumu ni miwa mitupu. Tunakata kushoto pale Kanana jua liko utosini na nyuma ya gari kunanuka viazi karai, maembe ya pilipili na pampasi.

Ingawa nashukuru haikuwa Lamu. Lamu nilipelekwa kwa harusi, zaidi ya kilomita 300, basi la alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, kila kizuizi mnashushwa mwonyeshe vitambulisho, ufike Mokowe umechoka kuliko basi lenyewe, halafu hapo ndio unaambiwa bado, panda boti. Na ukishuka huko hakuna gari, kuna punda. Vichochoro vya Lamu mji wa kale ni vyembamba mtu na punda hawapishani, mmoja lazima arudi nyuma, na punda wa Lamu hajui kurudi nyuma. Unesco wameuweka mji ule kwenye urithi wa dunia tangu 2001, nadhani na punda wamo ndani ya hesabu, ndio maana wana kiburi.

Basi Shimoni. Ukishuka tu garini wamekuzunguka vijana, boti boti, pomboo, kasa, kuzamia, kaa wa kuchemsha. Hapo nikasema leo ntaonyesha kuwa mie ni mwenyeji. Nikamvuta mmoja pembeni, nikamwaga Kimvita changu chote, Kiswahili chetu cha Mombasa, habari za nyumbani, fulani hajambo, bei ikaanza kuteremka vizuri, tena imeteremka mahali pazuri sana, mara shemeji mdogo huyo na kofia ya makuti anauliza ni ngapi, akatajiwa, akasema kwa sauti, "Kumbe ni bei rahisi hivyo! Naivasha boti ni ghali kuliko hii." Yule kijana akaniacha mie na Kimvita changu akaenda kusimama kwa shemeji. Na juu ya boti kuna kiingilio cha hifadhi ya Kisite, mwananchi analipa kidogo, mgeni analipa zaidi, watoto pungufu, hiyo haina mjadala ni ya serikali, unalipa kwa simu huku mtandao unakuja na kuondoka na watu wote wamekusimamia shingoni.

Tukagawiwa jaketi za kuokolea. Zote zina kamba na kifungo, yangu mie ina kamba. Nikamuuliza nahodha, mdogo wangu, hii kifungo kiko wapi? Akaichukua, akaifunga fundo mbili za ngalawa, akanipiga begani akasema hiyo mzee hata ukitaka kuivua huwezi. Nikatulia kidogo, halafu nikaanza kuwaza kwa nini nitake kuivua.

Tunataka kuondoka, nahodha anasema ngojeni. Mama mmoja anakuja polepole na gunia la unga, madumu mawili ya maji na kuku. Nani huyo? Shangazi yake nahodha, anakaa Wasini, anapewa lifti. Mie nimekodi boti nzima! Nikafungua mdomo niseme, mama akatoa salamu zile ndefu za watu wa Vumba, wenyeji wa kule, umeamkaje, watoto hawajambo, nyumbani hawajambo, na hadi zimalizike tuko katikati ya maji. Na kusema kweli huwezi kumnyima lifti mtu wa Wasini, kisiwa kile hakina mto, maji ya visima ni chumvi, miaka mingi wameishi kwa maji ya mvua ya kwenye birika na madumu ya kuvushwa kama yale. Yeye ndiye alikuwa na safari. Sisi tulikuwa tunatembea tu.

Sasa kusi. Boti inapanda, inasimama juu hapo inafikiria, halafu inashuka yote. Maji yakaja usoni, shemeji wakapiga vigelegele, watoto tena! tena! Mamamkwe akafunga skafu yake ya sufi vizuri akakaa kitako anatafuna korosho. Mie nikashika ule mti wa turubai kwa mikono miwili. Na watu wote wakanigeukia mie, wewe si mtu wa Mombasa?

Hapo ndipo panaponikera hapo. Mtu wa Mombasa ati lazima ajue kuogelea. Nani kasema? Sisi wengine tulilelewa na mama ambaye ukirudi jioni anakuita, njoo hapa, anakukwaruza mkono kwa ukucha, ukitoka mstari mweupe ni chumvi, ulikuwa pwani, na kiboko kiko nyuma ya mlango. Mie nimepigwa kwa sababu ya bahari kabla hata sijaizoea. Wenzangu waliojitosa maji na kujua kuogelea ni wale ambao mama zao hawakuwa na kucha.

Bahari ikanilevya. Ntafupisha. Shangazi ya nahodha alinishika bega akaniambia, "Usitazame maji baba, tazama ardhi, ile nchi kavu ile, usiiachilie," nikaikodolea macho Shimoni mpaka ikawa alama tu. Na wakati huo huo ndio pomboo wakatokea upande wa pili. Kundi zima, wanaruka, wanazunguka boti, nahodha kazima mashine, watu wanalia kwa furaha, kule! kule! hapa chini! na mie nimeinamia upande wangu nahudumia samaki wa kawaida. Nimelipia pomboo wale wote na sijaona hata mkia. Baadaye nilionyeshwa kwa simu, na kwenye kona ya ile video kuna mgongo wa mtu na jaketi ya fundo mbili.

Kufika Kisite, wenyewe wakavaa miwani na mirija wakajitosa, hata watu ambao Nakuru kwao ziwa lina viboko na hawasogei, wakaelea huku wanapiga kelele za samaki wa rangi. Mie nikabaki ndani ya boti iliyofungwa kwenye boya, na boti iliyofungwa ni mbaya kuliko inayokwenda, haina pa kwenda kwa hivyo inacheza hapo hapo. Nikawa nashikishwa vitu. Shika simu, shika miwani, shika mtoto, shika meno ya mama. Ndiyo, mamamkwe aliingia majini. Na suti.

Baadaye tukashuka Wasini kula, na nakiri nchi kavu ilikuwa tamu. Kijiji kimetulia, hakuna gari wala pikipiki, upande mmoja kuna ile bustani ya matumbawe, maji yakitoka unapita juu ya daraja la mbao linalosimamiwa na akina mama wa pale, mawe yamechongoka marefu kuliko mtu. Pazuri, siwezi kusema uongo. Wakaleta mwani wa kukaanga, wakaleta wali wa nazi, samaki wa kupaka, halafu wakaleta kaa, kaa mzima, mkubwa, ananitazama. Nikasubiri kijiko. Yule kijana akaweka ubao mbele yangu, na juu ya ubao akaweka nyundo.

Nyundo! Mie nauza nyundo mwaka mzima. Nimevuka feri nimelipa, nimekodi Noah, nimekodi boti na shangazi ndani, nimetapika chai ya asubuhi, yote nije nikae kitako Wasini nipewe nyundo, tena ya mbao, kichwa kinacheza, mie dukani singethubutu kumuuzia mteja. Shemeji mkubwa akapiga lake likarukia sahani ya mamamkwe. Ikabidi niwavunjie wote. Gando hapa, gamba hapa, usipige katikati utaponda nyama. Nikawa naambiwa shem kumbe wewe fundi.

Jioni nimerudi nikapita barazani, wazee wako na kahawa yao na kashata, wakaniuliza mumewaona pomboo? Nikawauliza nyinyi mushakwenda Wasini? Kimya. Watu sita pale, wote wazaliwa wa Mombasa, hakuna aliyefika, mmoja akasema yeye ana binamu kule na binamu ndiye huja. Mzee wa kahawa akanimiminia kikombe akaniambia, mwakani wakija wewe sema umefunga, sunna, hakuna mtu atakayempeleka mwenye saumu baharini akatapishwe. Nikaona hilo wazo. Nikamshukuru, nikanywa na cha pili. Nimefika nyumbani, viatu bado vina mchanga, ndio nakumbuka sunna ni Jumatatu na Alhamisi, na shemeji zangu hutaka boti Jumamosi.