Karo ya Binti Yangu Imo Ndani ya Kadi

Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa, baba wa watoto 3, na tangu mwaka juzi nimekuwa nikiweka akiba ya karo ya binti yangu mkubwa kwa njia ambayo mke wangu huiita ugonjwa. Akiba hiyo haiko benki, wala katika chama, wala katika SACCO ya kazini, ambako nimekwisha kukopa hadi karani akiniona mlangoni huanza kutafuta miwani yake ambayo ameivaa. Imo ndani ya kadi ya supamaketi moja ya mjini, inayonipa pointi 1 kwa kila shilingi 100 ninazotumia, na pointi 1 ni sawa na shilingi 1.

Wazo lenyewe nililiokota kwa shemeji yangu aliyeko Minnesota. Alinieleza kwa simu kwamba huko Marekani mzazi hufungua akaunti ya masomo iitwayo 529, jina ambalo ni nambari tu ya kifungu cha sheria ya kodi, na kwamba tangu mwaka 2001 kumekuwa na mpango uitwao Upromise, ambao humrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha zake ili ziingie katika akiba ya masomo ya mtoto. Nilimsikiliza mpaka hapo, nikamshukuru, nikakata simu. Sehemu ya pili ya maelezo yake, kwamba hizo ni senti za kuongezea tu na kwamba karo yenyewe yeye huitafuta kwa zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, aliniandikia baadaye, na kusema kweli sikuisoma hadi mwisho.

Siku yangu kuu ni Jumatano, kwa kuwa siku hiyo pointi huwa maradufu. Ninavuka kwa feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi, kisha napanda matatu kwenda mjini, na nauli ya kwenda na kurudi hunigharimu shilingi 100. Nikinunua vitu vya shilingi 1,500 napata pointi 30. Mke wangu, ambaye hakusomea uhasibu, aliniuliza siku moja huku akichambua mchicha: "Baba watoto, yaani unalipa shilingi 100 ili upewe 30?" Nilimjibu kwamba elimu haina bei, akaendelea kuchambua mchicha wake, ambao aliununua kibandani bila pointi yoyote.

Isitoshe, pale mtaani pana duka la jirani yangu ambaye kwa miaka mingi amenikopesha unga na mafuta ya kupima na kuandika katika daftari lake bila kunidai kwa sauti. Sasa nikitoka feri na mizigo inanilazimu kupita njia ya nyuma, penye maji machafu na mbuzi wakali, ili asinione. Mizigo yenyewe ni ya ajabu. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, mfuko wa kubebea hununuliwa, nami sikosi kuununua kwa sababu nao huhesabiwa. Nyumbani tunayo mifuko 41. Mwezi mmoja chakula cha paka kilikuwa na pointi 50 za ziada. Hatukuwa na paka. Sasa tunao wawili, na hawali kitu kingine.

Kwenye foleni nako nilibuni ufundi wangu. Nikimwona mtu mbele yangu hana kadi, namwambia kwa adabu: "Samahani, mzee wangu, kama huna kadi, tumia nambari yangu ya simu, ni kwa ajili ya masomo ya mtoto." Wengi hukubali. Bawabu alinivuta kando siku ya tatu akitaka kujua mimi ni wakala wa nani.

Usiku mmoja nilikosa usingizi, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Karo ambayo Wizara ya Elimu iliwahi kuiwekea kikomo katika shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Mimi, kwa matumizi ya shilingi 12,000 kwa mwezi, hupata pointi 120, ukiacha nyongeza ya Jumatano. Kwa mwendo huo karo ya mwaka mmoja ingetimia baada ya miaka 37 na ushei, naye binti yangu, aliye Gredi ya 7, angeripoti bwenini akiwa na umri wa miaka 49, kama si pamoja na mjukuu wake. Nilipoigeuza risiti nikaona maandishi madogo kama mayai ya chawa: pointi zisizotumiwa hufutwa kila Desemba 31. Tulikuwa Januari 2.

Mungu si Athumani, mwezi uliofuata kamati ya harusi ya mpwa wangu ilinituma kununua mchele, sukari na mafuta. Zilitumika shilingi 86,400, nami kwa bahati ambayo sikuitangaza nilikwenda Jumatano. Pointi 1,728! Mweka hazina, mtu ambaye hajawahi kusoma risiti maishani mwake, safari hii aliisoma hadi chini, na kikao cha dharura kikaitishwa. Alidai kwamba fedha ni za kamati, kwa hiyo na vilivyozaliwa na fedha ni vya kamati. Nilijitetea kwamba miguu iliyokwenda ilikuwa yangu. Shangazi, aliyekuwa akisinzia, alizinduka na kuuliza: "Hizo pointi, mwanangu, zinaliwa?" Nikamweleza kwamba hapana, ni nambari tu. "Basi mnagombana nini?" akasema, akalala tena. Ilipigwa kura ya mikono, nikashindwa 11 kwa 1, na katibu akaandika katika kumbukumbu kwamba pointi zote zigeuzwe kuwa soda za wageni watakaochelewa.

Zilibaki pointi zangu halali 211. Kwa kuwa sasa naiogopa Desemba kama mdeni aogopavyo hodi, nilimchukua binti yangu tukaenda kuzitumia, akachagua mkebe wa jiometri wa shilingi 200. Keshia alipitisha kadi, akanipa risiti, nami nikamuuliza kwa unyenyekevu mbona sioni pointi 2 za ununuzi huo.

"Mzee, ukilipa kwa pointi hupewi pointi."

"Na mfuko?"

"Mfuko ni shilingi 10."

Nilimwambia autoe katika pointi 11 zilizobaki.