Msinipangie vijana kwa saa ya mbio

Kila mwaka Februari inapoelekea ukingoni, vijana zaidi ya 300 kutoka vyuo vikuu vya Marekani hukusanywa Indianapolis kupimwa mbele ya timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Hupimwa urefu, uzito, mikono, hata upana wa kiganja. Huruka juu, huruka mbele, hulala kwenye benchi na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Kisha hukimbia yadi 40, na hapo ndipo orodha za wachambuzi wanaowapanga vijana hao kwa ubora, zilizoandikwa tangu Septemba, hupinduliwa juu chini. Kijana aliyelala akiwa wa 35 anaamka wa 12. Hajacheza mechi yoyote. Amekimbia mbio za kunyooka akiwa na kaptura, hakuna wa kumkaba, hakuna mpira wa kudaka.

Naifuatilia drafti, shughuli ya kila Aprili ambamo timu huchagua vijana hao kwa zamu, raundi baada ya raundi, kwa miaka mingi nikiwa Dar es Salaam, ambako raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, na kila mwaka ninalo daftari la majina. Kwa hiyo siwapingi wanaopanga wachezaji. Napinga kile wanachokipa uzito.

Turudi 2017. John Ross wa Chuo Kikuu cha Washington alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya Indianapolis kwa wakati ule. Timu ya Cincinnati wakamchukua wa 9. Wa 10 alikuwa Patrick Mahomes, ila huyo tumweke kando kidogo, maana ni kotabeki, mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, na Ross ni mdakaji wa pasi hizo. Tulinganishe wadakaji kwa wadakaji. Katika drafti hiyohiyo, kutoka jimbo lilelile la Washington, alikuwepo Cooper Kupp wa Eastern Washington, chuo kinachocheza ngazi ya chini. Kwa miaka minne alikuwa amedaka pasi 428 na kukusanya yadi 6,464. Indianapolis alikimbia sekunde 4.62. Akasubiri hadi raundi ya tatu, Rams wakamchukua wa 69.

Msimu wa kwanza wa Ross uliandamwa na majeraha, hakudaka hata pasi moja. Kupp, mwaka 2021, alidaka pasi 145, yadi 1,947 na tachidauni 16, yaani mabao ya kuufikisha mpira eneo la mwisho, akaongoza ligi kwa yote matatu, kisha akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi, ya msimu huo.

Kilichokosekana kwenye saa kilikuwa wazi kwenye video. Tafuta mechi yoyote ya Kupp akiwa chuo, halafu usimtazame yeye. Mtazame beki anayemkaba, hasa visigino vyake. Kupp anamjia kwa mwendo uleule, hatua zilezile, mabega yameinama vilevile, awe anakwenda mbali au anataka kukata ndani. Beki hana cha kusoma. Anarudi nyuma, uzito unamhamia visiginoni, na papo hapo Kupp anakanyaga kwa mguu wa nje na kugeuka. Mpira unapofika, beki ndiyo kwanza anageuza kiuno. Hakuzidiwa mbio hata kidogo, alifichwa siri mpaka sekunde ya mwisho.

Wenye saa wana jibu lao: kasi haifundishwi, ufundi unafundishika. Maneno ya aina hiyo sisi Watanzania tuliyasikia zamani, kwenye mchezo mwingine.

Juni 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa 2 na Memphis katika drafti ya NBA. Mtaani kwetu watu hawakulala. Alikuwa na futi 7 na inchi 3, na pale Chuo Kikuu cha Connecticut sifa yake ilikuwa kuzuia mitupo. Kikapu chenyewe alikianza kwa kuchelewa, akiwa tayari kijana wa sekondari. Wa 3 alikuwa James Harden. Wa 7 alikuwa Stephen Curry. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alishushwa ligi ya chini akajifunze, na tangu hapo jina lake halikosekani watu wanapohesabu makosa makubwa ya drafti.

Hilo linaniuma mpaka leo. Hakujipanga wa 2 yeye. Waliompanga waliona urefu, wakajua haufundishwi, wakaandika kana kwamba yaliyobaki yatakuja yenyewe. Kijana aliyehitaji miaka ya kufundishwa polepole akapewa namba isiyomvumilia hata mwaka mmoja. Angechukuliwa wa 25, leo tungemtaja kwa jambo moja tu, kwamba ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Ndiyo maana daftari langu la futiboli ya Marekani halina moja hadi mia. Lina madaraja. Kati ya wa 14 na wa 38 mara nyingi hakuna tofauti yoyote ambayo mtu anaweza kuitetea kwa uaminifu, na anayeiandika anatunga. Daraja la kwanza ni la wale ninaoamini wataanza siku ya kwanza katika timu yoyote kati ya zote 32, na kuna miaka lina majina matatu tu. Mwaka 2018 Quenton Nelson wa Notre Dame alikuwa humo, ingawa ni gadi, mzuiaji wa katikati ya mstari, nafasi ambayo wengi huiona haistahili chaguo la juu. Timu ya Indianapolis wakamchukua wa 6, na msimu huohuo wa kwanza akaingia kikosi bora cha ligi nzima.

Pembeni ya kila jina nina safu mbili: anachokifanya tayari, na tunachomtarajia akifanye. Anayetaka kucheza bahati nasibu na acheze, lakini aandike kwamba ni bahati nasibu.

Josh Allen, kotabeki wa drafti hiyo ya 2018, ndiye hoja nzito dhidi yangu, na sitaikwepa. Akiwa Chuo Kikuu cha Wyoming, pasi zake zilizodakwa zilikuwa kama 56 kwa kila 100. Mkono wake ulikuwa wa ajabu, mwili mkubwa, miguu myepesi. Safu yangu ya pili ilijaa, ya kwanza ikabaki karibu tupu, nikamweka daraja la tatu. Buffalo wakamchukua wa 7. Mwaka 2020 alifikia asilimia 69, na 2024 akawa mchezaji bora wa ligi. Nilikosea. Katika drafti hiyohiyo niliandika kwamba kotabeki mwingine, Josh Rosen, ameiva kuliko wenzake wote, naye alichukuliwa wa 10 na Arizona, na baada ya msimu mmoja wakamuuza Miami.

Vijana hao wawili walinilazimisha kuongeza safu ya tatu, ya timu. Buffalo walijua wamenunua mbegu, wakailimia: walivumilia misimu miwili ya pasi za kwenda kombo, kisha 2020 wakamletea mdakaji Stefon Diggs. Rosen aliangukia timu iliyobadilisha kocha baada ya mwaka mmoja, na kocha mpya akaja na kotabeki wake. Na Mahomes, tuliyemwacha kule 2017, alikaa karibu msimu mzima nyuma ya kotabeki mzoefu Alex Smith kule Kansas City, akitazama na kujifunza, akapewa mechi moja tu ya mwisho. Orodha inayotoka kabla hatujajua kijana anakwenda wapi ina pengo kubwa katikati yake, na mpangaji ana wajibu wa kulionyesha.

Kuna watu watasema hizi ni burudani tu za kungojea Aprili. Mwaka 2025 orodha nyingi zilimweka kotabeki Shedeur Sanders raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikapita bila jina lake, ya pili ikapita, ikaja Jumamosi, na Cleveland wakamchukua wa 144. Kwa siku tatu hizo dunia nzima ilimjadili kama mtu aliyeporomoka, wakati ngazi yenyewe ilijengwa na sisi tunaopanga. Namba tuliyompa ndiyo iliyogeuza kuchaguliwa kwake, jambo ambalo maelfu ya wachezaji wa vyuo hawalipati, kuwa aibu.

Ikifika Februari nyingine, nikisikia mdakaji amepanda nafasi 20 kwa usiku mmoja, sitafungua matokeo ya Indianapolis. Nitafungua mechi zake za Oktoba na Novemba, niwatazame mabeki waliomkaba, uzito wao uko vidoleni au visiginoni.