Jogoo wa Marehemu

Jamani, mimi nilikwenda kujisaidia tu. Arobaini ya baba, ukoo umekaa uani kwenye mikeka, sahani zimeshakombwa, nikatoka dakika 5. Narudi, baba mkubwa ananipokea kwa makofi: "Hongera mwanangu, tumekupitisha. Msimamizi wa mirathi!" Nikadhani ni cheo.

Tangu siku hiyo sina jina, naitwa mwenye mali. Shangazi kapiga simu anataka hela ya sukari: "Si umekabidhiwa kila kitu?" Nimekabidhiwa muhtasari wa kikao wenye sahihi 11 na alama ya dole gumba, shangazi, basi! Nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo nimekopa.

Na huko mahakamani, karani kaviangalia vyeti vyangu kama muuza samaki anayepewa noti iliyochanika. Cheti cha kifo jina lina "i" mwishoni. Kitabu cha benki hakina. Karatasi ya mauziano ya kiwanja ndiyo balaa, mjumbe wa enzi hizo aliandika "Mzee Kipara". Nikatafuta wakili, nikalipia hati ya kiapo. Yaani nimeapa mchana kweupe kwamba watu watatu ni mtu mmoja, na wote ni baba yangu.

Tangazo likabandikwa ubaoni: mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi halikuja. Walikuja wadai. Mama wa chapati kaja na daftari, kurasa mbili nzima, "chap 2, chai 1, atalipa". Baba! Ulikuwa unatuambia asubuhi huna hamu ya kula!

Hakimu akaniteua, kisha akanikata maini: msimamizi si mrithi mkuu. Kazi yangu ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, ndipo nigawe kinachobaki. Kwa sheria ya Kiislamu, mama thumuni yake, yaani fungu moja kati ya manane, sisi watoto tunagawana kilichosalia, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Na ndugu wa marehemu? Marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu yake hapati kitu.

Hapo nikamkumbuka baba mkubwa. Mwenyekiti wa kikao. Keshapima kwa hatua zake upande wa kiwanja unaotazama barabara. Nani atamwambia? Msimamizi, bila shaka.

Sasa hivi nahangaika na Fomu Namba 5, mali na madeni yote ya marehemu, iwasilishwe ndani ya miezi 4 tangu niteuliwe. Nimekaa kwa karani naorodhesha. Kiwanja na nyumba ya vyumba vitatu, kimoja hakina paa. Baiskeli, haina tairi la nyuma. Pasi ya mkaa. Benki, shilingi 37,400. Karani hanyanyui hata kichwa:

"Mifugo?"

"Jogoo mmoja."

"Yuko wapi?"

Nikanyamaza. Mate ya pilau ya arobaini yakanirudi mdomoni. Nikatoka nje kidogo, nikampigia baba mkubwa, maana paja lile na shingo yake nilimwona nayo kwa macho yangu. Nikamweleza: mahakama inauliza jogoo wa marehemu. Kimya. Nasikia anavyopumua.

"Mwanangu," akasema, "andika jogoo alitangulia kufa."