Mzee wa Ripoti Anapiga

Bana Goma, najua mtu fulani amewasimulia kwamba nilizimia maabarani. Sikuzimia. Niliketi chini kwa hiari yangu.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya heshima: kupima kasi ya sauti ndani ya gesi. Anga la Mars ni kabondayoksaidi, kama asilimia 95, tena baridi, ndiyo maana sauti kule inajikokota: Perseverance, roboti ya NASA iliyotua 2021 na maikrofoni, ilisaidia kuipima, mita 240 hivi kwa sekunde. Hewa yetu kwenye nyuzi 20 inatoa 343. Sisi tulitaka gesi ile ile kwenye joto hilo. Vitabu vinasema 268. (Huyo msimulizi alishauri tukachote mazuku, gesi hiyo hiyo inayotoka ardhini na kuua, kule Lac Vert karibu na Goma. Napenda sayansi, ila sijachoka kuishi.) Tukatumia siki na bikaboneti. Gesi ni nzito kuliko hewa, inajaza tiyo (bomba) kuanzia chini; njiti ikizimika mdomoni, imejaa.

Ndani ya tiyo, simu yangu inapiga filimbi ya hezi 1000, na maikrofoni. Nje, spika kubwa. Unasukuma pistoni, sauti inapanda, inafifia, inapanda tena baada ya sentimita 13 na kitu: hiyo ni nusu ya wimbi; wimbi zima mara 1000 ndiyo kasi. Nikaziba tiyo kwa gundi ya silikoni. Silikoni hiyo muikumbuke.

Profesa akaingia na wageni. Akafurahi. "Mutoto yangu, tujaribu sauti ingine." Akatoa simu.

Nikaona kidole kinateremka kwenye majina. Kinapunguza mwendo. Kinasimama kwangu. Nilitaka kusema "Prof, leo rezo (mtandao) mbaya," ulimi ukagoma. Filimbi ikakatika. Kimya. Halafu spikani, sauti yangu mwenyewe, niliyoirekodi usiku nikijichekesha, iwe mlio wa Profesa akinipigia:

"Mzee wa Ripoti anapiga! Usishike! Sema hakuna rezo!"

Na msidhani gesi iliniokoa. Sauti ikishatoka kwenye simu, masafa yake (mitetemo kwa sekunde) hayabadiliki, ni urefu wa wimbi tu unaofupika. Kila silabi ilifika safi. "Usishike!" Nikaparua silikoni kwa kucha; imekauka. "Sema hakuna rezo!" Mama mmoja mgeni akachekea puani. Profesa hakukata. Aliacha ilie mpaka mwisho, akanitazama: "Rezo iko."

Basi, tukapima, tukapata 266, wageni wakaenda, ripoti nilipeleka kesho yake kabla hajafungua ofisi.

Na wewe msimulizi: mlio wako niliurekodi usiku ule ule. Usinipigie nikiwa mbele za watu.