Taarifa ya Habari ya Saa Mbili, Ughaibuni

Saa mbili usiku ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi imekuwa saa ya taarifa ya habari, ni saa tatu usiku Muscat, ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi na saa kumi na mbili wakati wa kiangazi, na Minneapolis ni saa tano asubuhi au saa sita mchana kutegemea majira. Kwa hiyo Mtanzania anayeishi ughaibuni na kutaka kuifuata taarifa hiyo inapotangazwa hana budi kuipangia siku yake. Mmoja anaisikiliza kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari huku akipika. Mwingine, aliyetoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, anaifungua akiwa tayari kitandani, na usingizi unamchukua kabla habari za michezo hazijafika.

Juu ya tabia hii ndogo limejengwa shtaka kubwa, nalo linatolewa na watu wa pande mbili ambazo kwa kawaida hazisikilizani. Wanasiasa wa nchi zinazopokea wahamiaji, hasa Ulaya tangu madishi ya setilaiti yalipoanza kujaa kwenye roshani za mitaa ya Waturuki na Wamoroko katika miaka ya 1990, husema kwamba mtu anayetazama televisheni ya alikotoka amehamisha mwili wake tu. Ndugu zetu wa nyumbani nao huuliza, tena bila kuzunguka, umekwenda majuu kufanya nini ikiwa jioni unakaa kumsikiliza waziri yuleyule uliyekuwa ukimlalamikia. Nadhani wote wamekosea, ingawa shtaka lao lina sehemu moja yenye uzito ambayo mtetezi wa upande wangu hana haki ya kuiruka.

Sehemu hiyo haihusu lugha, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Hoja ya lugha inasema kwamba kila saa ya ITV ya Tanzania au ya Citizen ya Kenya ni saa iliyoibwa kutoka kwenye Kijerumani au Kiswidi, na ingekuwa kweli kama mhamiaji angekuwa na jioni ndefu ya kuchagua baina ya viti viwili. Aliye kama wengi wetu hana. Anafanya kazi saa ambazo madarasa ya lugha yako wazi, na saa anayoitumia kwa habari za nyumbani ni ile ambayo akili haikubali tena kujifunza kitu chochote. Ukiizima televisheni hiyo, hatafungua kitabu cha sarufi; atalala.

Uzito wa shtaka uko kwingine: ni nani anayezungumza kupitia skrini hiyo, na anaaminiwa kiasi gani. Mwezi Januari 2016 msichana wa miaka 13 kutoka familia ya Wajerumani wenye asili ya Urusi alitoweka kwa muda mfupi mjini Berlin, na aliporudi ikaenezwa habari kwamba alikuwa ametekwa na kubakwa na wahamiaji. Kituo cha kwanza cha televisheni cha Urusi kiliirusha habari hiyo. Polisi wa Berlin walipochunguza walieleza kwamba hakukuwa na utekaji wala ubakaji wa aina iliyosimuliwa, lakini kabla maelezo yao hayajakubaliwa watu wenye asili hiyo walikuwa wameandamana katika miji kadhaa ya Ujerumani, hata mbele ya ofisi ya Kansela. Jambo linalonisumbua katika kisa hiki ni kwamba wengi wa waandamanaji hawakuwa wageni wa jana. Walikuwa raia wa Ujerumani, na wengi walikuwa wamefika huko katika miaka ya 1990. Walikuwa na kazi, nyumba na kura, na bado, jambo lilipowagusa, sauti waliyoiamini ilikuwa ile ya Moscow. Anayesema televisheni ya nyumbani ni burudani tu isiyo na madhara anapaswa kwanza kukijibu kisa hiki.

Sheria, kwa upande wake, imekwisha kulipima suala hili kwa utulivu zaidi kuliko siasa. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika uamuzi wa mwaka 1994, ilisema kwamba mwenye nyumba hawezi kumkatalia mpangaji wa kigeni dishi bila kuupima uzito wa haki yake ya kupata habari za nchi yake na kubaki na uhusiano wa lugha na utamaduni wake. Kisa kilichofika mbali zaidi ni cha Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, ambako mume na mke wenye asili ya Iraki, pamoja na watoto wao watatu, walitakiwa waondoke kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu ya dishi lililofungwa kwenye mkono wa chuma uliotokeza kupitia dirisha la jikoni. Mkataba wa pango ulikataza antena za nje. Mahakama ya Sweden ikampa haki mwenye nyumba, na familia ikahama. Tarehe 16 Desemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba Sweden ilikuwa imevunja uhuru wao wa kupokea habari.

Katika uamuzi huo kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami nalihesabu kuwa ndilo kubwa. Mahakama haikuishia kwenye habari za siasa. Ilisema kwamba uhuru huo unahusu pia mambo ya utamaduni na hata burudani tupu. Kwa maneno mengine, familia ile haikulazimika kuthibitisha kwamba ilikuwa ikitazama mambo mazito. Tamthilia ilitosha.

Na hapa ndipo ninapoona televisheni ya nyumbani haijaeleweka, hata na baadhi ya wanaoitetea. Huwa wanaitetea kama dawa ya upweke, kama kipande cha nyumbani, kama ukili wa kumfungia mtu na asili yake. Mimi naitetea kwa sababu iliyo karibu na kinyume cha hiyo: televisheni ya kila siku inamponya mhamiaji ugonjwa wa kuikuza nchi alikotoka. Watafiti Asu Aksoy na Kevin Robins, waliozungumza na wasemaji wa Kituruki waishio London, walikuta jambo hilohilo: matangazo ya kawaida kutoka Uturuki hayakuikuza nchi ile mioyoni mwa watazamaji, bali yaliipunguza hadi kufikia ukubwa wake halisi, kwa kuwaonyesha siku baada ya siku kwamba huko nako kuna foleni, kuna ugomvi wa madiwani na vipindi vya kuchosha.

Tuchukue taarifa ya habari ya Tanzania ya siku yoyote isiyo na tukio. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imetangaza bei kikomo za mafuta, kama inavyofanya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mnada wa korosho Mtwara umefanyika chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuyakusanya mazao ghalani kabla ya kuuzwa, na wakulima wanalalamika kwamba malipo yamechelewa. Mkuu wa wilaya amemfokea mkandarasi wa kisima. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatahadharisha kuhusu vuli. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo shangazi angempigia simu mtu aliyeko Toronto kumweleza, na hakuna ambalo lingesambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Lakini anayeyasikia mara tatu kwa wiki anajua mfuko wa saruji umepanda kiasi gani, kwa hiyo anapoletewa hesabu ya ujenzi wa nyumba yake kule Kibaha hadanganywi kirahisi wala hamshuku kila anayemwomba pesa. Anajua ni kwa nini mdogo wake amelalamikia nauli. Mazungumzo yake na nyumbani yanabaki ya watu wanaoishi katika mwaka mmoja.

Asiyekuwa na taarifa hiyo hakosi habari za nyumbani. Anapata habari za aina mbili tu. Anapata msiba na anapata harusi. Video ya basi lililopinduka inamfikia kabla majeruhi hawajafika hospitali, na video ya bibi harusi akishushwa kwenye gari lililopambwa inamfikia usiku huohuo, na katikati ya hizo mbili hakuna kitu. Baada ya miaka kumi ya lishe hiyo, mtu anakuwa na nchi mbili kichwani: moja ambayo kila kitu kimeharibika na hairudiki, na nyingine ya ngoma na pilau ambayo ameionea wivu mno hadi hawezi kuipenda anakoishi. Nimewahi kukaa na watu wa namna hiyo sebuleni, na si watu waliozidisha televisheni. Wengi hawana kisimbuzi wala hawajui mtangazaji wa sasa ni nani.

Historia ya Waswahili wa Oman inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa Ulaya. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Unguja na Pemba zilitawanyika, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 wengi wao walikaribishwa Oman. Walikwenda na Kiswahili chao, nacho kinazungumzwa Muscat mpaka leo. Lakini kwa miaka mingi nyumbani kulifika kwa barua, kwa kaseti za taarab na kwa msafiri mmoja mmoja, na wazee wengi wakabaki na Zanzibar ya majina ya mitaa yasiyotumika tena na ya majirani waliokwisha kufa. Sisemi kwamba kumbukumbu hiyo ilikuwa ya uongo. Ilikuwa imesimama tu, na kitu kilichosimama ni chepesi kukiabudu au kukilaani. Wajukuu wao, wanaofungua matangazo ya Zanzibar kwenye simu na kukuta mjadala wa maegesho ya Darajani, hawana mzigo huo. Wanaweza kwenda Unguja likizo na kurudi kazini Muscat bila kulia kwenye uwanja wa ndege.

Kuna pingamizi dhidi ya hoja yangu ambalo naliona kali kuliko lile la dishi. Nimeisifu taarifa ya kila siku kana kwamba ni nzima, ilhali mara nyingine si nzima hata kidogo. Tarehe 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya iliviamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu Tanzania, intaneti ilikatwa, na kwa aliyekuwa nje ya nchi, video chache zilizopenya ndizo zilizomwambia jambo ambalo taarifa ya saa mbili haikumwambia. Siku kama hizo, yule wa vipande vya video alijua zaidi yangu. Nalikubali hilo bila masharti. Ninaloongeza ni kwamba aliyeizoea taarifa hiyo aliusikia ukimya wake, kwa sababu alijua siku ya kawaida ina sauti gani. Asiyeizoea hakuwa na cha kulinganisha, na ndiyo maana pia alizipokea kwa uzito uleule video za kweli na zile za miaka mingine zilizopewa tarehe mpya. Hata waandamanaji wa Berlin, nikirudi kwao, hawakupotoshwa na habari za bei ya mafuta. Walipotoshwa na kisa kimoja cha kusisimua, kilichosafiri kama video ya WhatsApp inavyosafiri, isipokuwa kilivaa nembo ya kituo.

Ajabu ni kwamba mpangilio wa biashara ya matangazo unamsukuma mhamiaji kwenye vipande hivyo hivyo. Haki za matangazo huuzwa kwa nchi, na anayezinunua kwa nchi moja hulazimika kuwafungia walio nje. Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ambayo kampuni ya televisheni ya Azam iliinunua mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, ni mali ya namna hiyo, na mwenye mali ana haki ya kuilinda. Umoja wa Ulaya ulijaribu kulegeza kamba kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2018, inayomruhusu mwenye kifurushi cha kulipia kukitumia akiwa katika nchi nyingine mwanachama, lakini kwa anayesafiri kwa muda tu. Aliyehama hakuhesabiwa. Huyo anabaki na muhtasari wa dakika tatu wa mechi ya Simba na Yanga, na kwa kawaida zile dakika tatu ni mabao na ugomvi.

Yupo mtu mmoja ambaye shtaka la wanasiasa linamwangukia sawasawa, na sioni namna ya kumtetea nalo. Ni mama aliyeletwa na mwanawe kuja kulea wajukuu, ambaye hana zamu, hana darasa, hana jirani anayemwelewa, na ambaye televisheni ya nyumbani huwashwa kwa ajili yake asubuhi na kuzimwa usiku ili atulie. Anajua bei ya korosho na hajui basi la kumpeleka sokoni linasimama wapi. Ukimwuliza mwanawe, atakuambia kwamba mama ana kila kitu, hata kisimbuzi.